Sehemu Ambayo Haikurushwa: Kisa cha Shajara za Wasikilizaji wa Redio

Majina ya kituo, chuo, mfadhili na washiriki yameondolewa. Mada ya mchezo wenyewe nimeigusa juu juu tu, na baadhi ya siku nimezisogeza, ili asitambulike mtu. Hesabu za shajara nimeziacha zilivyo kwa sababu bila hizo kisa hakisimami. Nilikuwa msimamizi wa kazi ya uwandani, kwa hiyo makosa mengi yatakayotajwa hapa yalipita mikononi mwangu.

Usuli

Kituo cha redio kilikuwa kikirusha mchezo wa redio wenye mafunzo ya afya, Jumanne na Alhamisi saa 1:30 usiku, na marudio ya sehemu moja Jumamosi asubuhi. Mfadhili wa mchezo alitaka kujua mambo mawili: ni watu wangapi wanaousikiliza, na je, wanaousikiliza wamebadilika? Idara ya mawasiliano ya chuo ikapewa kazi hiyo. Tulikuwa watu kumi: mtafiti mkuu, mimi, wadadisi sita na makarani wawili wa kuingiza data.

Swali la pili ndilo lililotuvutia sisi. La kwanza ndilo lililomleta mfadhili. Tulijiambia kwamba zana moja itajibu yote mawili, na hapo ndipo tulipoanza kuteleza.

Zana tuliyoichagua ni shajara. Katika utafiti wa redio shajara ni chombo cha heshima. BBC ilianzisha kitengo chake cha kuchunguza wasikilizaji mwaka 1936, na Uingereza hiyo hiyo, tangu mwaka 1992, shirika la RAJAR limekuwa likipima usikilizaji wa redio kwa shajara za wiki moja. Hoja yake inaeleweka. Ukimuuliza mtu wiki iliyopita alisikiliza nini, anakisia. Ukimpa kitabu aandike siku hiyo hiyo, kumbukumbu bado ina joto. Sisi tukaongeza: badala ya wiki moja, wiki nne. Tulitaka kuona nani anaufuata mchezo hadi mwisho na nani anaachia njiani. Leo naiita tamaa.

Shajara yenyewe

Kilikuwa kitabu kidogo chenye kurasa 28 za kujaza, ukurasa kwa siku. Juu palikuwa na jedwali la vipindi vyote vya siku kwa mistari ya nusu saa. Chini, katika kurasa za Jumanne na Alhamisi, palikuwa na kisanduku maalumu ambacho jina la mchezo wetu lilikuwa limekwisha kuchapwa, na nguzo nne: Umesikiliza? Ulikuwa na nani? Alama (1 hadi 5). Maoni.

Kiolezo kiliandikwa kwa Kiingereza kisha kikatafsiriwa. Dalili ya kwanza kwamba tafsiri ina kasoro ilijitokeza wiki ya kwanza. Mistari ya saa ilichapwa kwa mtindo wa 19:30, lakini watu, kama anavyofanya Mswahili yeyote, waliandika 1:30. Karani mmoja akaingiza kama saa saba na nusu mchana. Kwa siku mbili tulikuwa na wasikilizaji wengi mno wa mchana, wa kipindi ambacho hata watangazaji wake wasingethubutu kudai kina watu wengi hivyo. Kosa likarekebishwa na tukacheka. Tungecheka kidogo na kuitazama fomu nzima upya.

Shajara 64 ziligawiwa na 58 zikarudi. Kila aliyerudisha shajara iliyojazwa yote alipewa vocha ya simu kama kifuta jasho. Shikilia maneno hayo: iliyojazwa yote.

Yaliyotokea

Kazi ya kuingiza data ilikuwa imefika nusu wakati karani wa pili, msichana mwenye umri mdogo kuliko sote, alipokuja mezani kwangu na shajara mbili zimefunguliwa ukurasa wa Alhamisi ya wiki ya tatu. Zote mbili zilikuwa na tiki kwenye kisanduku cha mchezo. Mojawapo ilikuwa na alama 5, na kwenye maoni imeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Leo ilikuwa na mafunzo mengi."

"Siku hii mchezo haukuwepo," akasema. "Ulikuwa mpira."

Nilimuuliza amejuaje. Akasema alikuwa ameusubiri. Yeye anausikiliza.

Tukahesabu. Kati ya shajara 58, 23 zilionyesha kwamba mwenyewe alisikiliza sehemu ya Alhamisi hiyo. Tisa zilikuwa na alama, na tano kati ya hizo alama ya juu kabisa.

Kabla ya kumshuku mtu, tuliomba daftari la matangazo la kituo, lile linaloonyesha nini kilirushwa saa ngapi. Likaja na sahihi chini: mchezo ulirushwa saa 1:30 usiku. Mtafiti mkuu akashusha pumzi na kusema karani amechanganya tarehe. Karani hakubishana, ila aliomba tusikilize rekodi ya sauti, kwani kituo hicho, kama vingi, huhifadhi kwa muda rekodi ya yote yanayokwenda hewani. Ilichukua siku tatu kuipata. Tulipoifungua saa 1:30 ya usiku huo, tulisikia uwanja umejaa na mtangazaji anayekimbiza maneno. Mechi ilianza saa 11:30 jioni, ikaenda muda wa nyongeza, ikaenda penalti, na saa 2:15 mtangazaji wa studio akaomba radhi: sehemu ya leo tutawaletea Jumanne.

Daftari la kituo lilikuwa limejazwa asubuhi, kutokana na ratiba. Hakuna aliyerudi kulirekebisha. Kwa hiyo tulikuwa na nyaraka mbili, ya kituo na ya msikilizaji, zinazokubaliana kabisa juu ya jambo ambalo halikutokea. Katika mafunzo ya mbinu tunafundishwa kwamba vyanzo viwili vikikubaliana, imani inaongezeka. Hatufundishwi vya kutosha kuuliza kama vyote viwili vilinakili ratiba ile ile.

Jioni hiyo tulizitandaza shajara zote 58 juu ya meza ya mikutano na kuzitazama kama vitu, tukiacha kando maneno yaliyomo. Zilisema mengi. Moja ilikuwa ya wino wa bluu hadi ukurasa wa 11, ambako kalamu ilikauka katikati ya neno na neno likamaliziwa kwa wino mweusi. Kutoka hapo hadi mwisho, mweusi mtupu, mwandiko unazidi kulala ukurasa kwa ukurasa kama wa mtu anayepigana na usingizi. Nyingine, ukiinamisha karatasi kwenye taa, ulionekana mgandamizo wa tiki za ukurasa wa juu kwenye ukurasa wa chini, mahali pale pale, kwa kurasa sita mfululizo. Lakini nyingine nyingi zilikuwa na kila dalili ya kuandikwa siku kwa siku: doa hapa, kalamu ya mtoto pale, siku iliyoachwa wazi. Na baadhi ya hizo, ambazo kwa macho zilikuwa safi, nazo zilikuwa na tiki ya Alhamisi.

Tuliamua nini, na kwa nini

Pendekezo la kwanza lilikuwa rahisi: ondoa shajara 23, endelea na 35. Niliunga mkono. Mtafiti mkuu aliunga mkono. Tarehe ya ripoti ilikuwa inakaribia, na kufuta data mbovu ni kazi ya kila siku.

Karani, ambaye kwa itifaki hakupaswa kuwa na kura, akauliza: "Na Alhamisi nyingine tutajuaje?"

Swali hilo lilimaliza mjadala. Mechi ile ilikuwa mtego ambao hatukuutega, na ulinasa siku moja tu kati ya nane za mchezo. Aliyeacha kisanduku wazi siku hiyo huenda alikuwa mkweli, au huenda alikuwa na kazi nyingi usiku huo na uongo wake uko wiki ya kwanza. Kufuta 23 kungetuachia 35 tunaowaamini kwa sababu tu bahati haikuwafikia. Tungetoa ripoti yenye sura safi kuliko ukweli wake.

Uamuzi wa kwanza, basi: hakuna shajara itakayofutwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kurudi kwa washiriki na kuwauliza walivyojaza. Hapa tuligongana na fomu yetu ya ridhaa, iliyosema wazi kwamba orodha ya majina itatumika kugawa vocha tu kisha itaharibiwa. Kuitumia kuwatafuta watu upya kungekuwa kuvunja ahadi. Tuliandikia kamati ya maadili ya utafiti kuomba marekebisho. Jibu lilichukua wiki tano, nami nililalamika kila wiki kati ya hizo, maana kumbukumbu za watu zilikuwa zikipoa.

Kamati iliruhusu kwa masharti mawili. La kwanza, mwito wa kwanza upitie barua isiyodai jibu, na anayekaa kimya asifuatwe. La pili ndilo lililotukera: tuanze kila mazungumzo kwa kusema ukweli, kwamba sehemu ya Alhamisi ile haikurushwa, na kwamba tumekuja kuelewa shajara yetu ilisomwaje. Wadadisi walitaka kinyume chake. Walitaka kwanza waulize, "Ile sehemu ya Alhamisi ilikuwaje?" kisha waone mtu atasema nini. Kamati ikakataa, kwa hoja kwamba mshiriki hawezi kuwa ameridhia kuwindwa.

Uamuzi wa tatu: nani aende. Kama watu walijaza ili kumfurahisha mdadisi wanayemjua, kumrudisha mdadisi yule yule kungezalisha adabu ile ile. Tukaamua niende mimi na karani, ambaye hakuna mshiriki aliyewahi kumwona.

Uamuzi wa nne ulikuja kama wazo la ziada, na sasa naona ndio uliozaa matunda: tuwatembelee pia watu kumi miongoni mwa wale walioacha Alhamisi ile wazi, yaani wale waliofaulu mtihani.

Kurudi kwa wasikilizaji

Kati ya 23, 19 walikubali kuzungumza. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusikia visingizio.

Watatu tu ndio waliokuwa kile nilichokitarajia. Kijana mmoja hakusubiri hata nimalize sentensi: "Kaka, kusema kweli niliijaza usiku mmoja. Mlisema isiyojaa haina vocha." Alisema kama mtu anayetaja sheria ya mchezo tulioutunga sisi, na ndivyo ilivyokuwa.

Wawili walisema hawana la kueleza. Tukawashukuru, tukaondoka.

Wawili wengine walishikilia kwamba walisikiliza, hata baada ya kuwaambia kuhusu mpira. Karani aliwauliza walisikilizia wapi. Kwenye simu, wakasema: ndugu yao hurekodi sehemu za mchezo na kuwatumia, nao siku hiyo, mpira ulipochukua redio, walikaa wakasikiliza ya zamani. Katika jedwali letu hawa walikuwa waongo. Uhalisia ni kwamba walikuwa wameusikiliza mchezo usiku ule kwa juhudi kuliko mtu mwingine yeyote katika sampuli.

Watano walikuwa wamejaza kwa niaba ya nyumba. Baba mmoja alikuwa safarini wiki nzima ile, akarudi akaweka tiki, kwa kuwa "nyumbani wanasikiliza". Nilimwonyesha kwamba swali linasema "umesikiliza", mtu mmoja. Akanifungulia ukurasa wa kwanza wa shajara, wenye maelekezo tuliyoyaandika sisi: "Mtajaza kila siku. Mkikosa siku moja, endeleeni." Sikuwa na la kujibu. Tulimwita kwa wingi mlangoni, kisha ndani tukamtaka awe peke yake.

Waliobaki, saba, ndio walionibadilisha mawazo. Mama mmoja wa makamo, ambaye shajara yake ilikuwa na tiki nane kati ya nane, alinisikiliza nikieleza habari ya mpira, kisha akaniambia taratibu:

"Mwanangu, mmeuliza kama nasikiliza. Nasikiliza. Siku moja redio ikichukuliwa na mpira, nimeacha kuwa msikilizaji?"

Nikaitazama fomu kwa macho yake. Nguzo ilisema "Umesikiliza?" na basi. Katika rasimu ilikuwa "Umesikiliza leo?", lakini nguzo ilikuwa nyembamba na aliyepanga kurasa akalidondosha neno "leo" ili liwe mstari mmoja. Sisi tulihakiki tahajia, hatukuhakiki maana. Jina la mchezo limechapwa kando, kama shahidi kwamba ulikuwepo. Tulichouliza, kwa Kiswahili kilichobaki kwenye karatasi, kilikuwa karibu zaidi na "wewe ni msikilizaji wa mchezo huu?" Mama yule na wenzake sita walijibu swali hilo, na walilijibu kwa ukweli. Mswahili ana "husikiliza" kwa mazoea na "ulisikiliza" kwa tukio. Sisi tulichagua umbo linaloweza kuegemea pande zote mbili kisha tukalisoma kwa upande mmoja.

Mama huyo alitusimulia mchezo kwa muda wa robo saa, akigeuza sauti kwa kila mhusika. Alimkosoa nesi wa mchezoni: anachosema kuhusu dawa ni kweli, alisema, lakini hajui kusema na watu, na ndiyo maana hawamfuati. Mtu huyu, kwa pendekezo letu la kwanza, angefutwa.

Kisha tukaenda kwa waliofaulu. Fundi mmoja alikuwa na shajara bora kuliko zote. Kila siku imejazwa, saa zimeandikwa hadi dakika, na Alhamisi ile kisanduku kiko wazi na pembeni ameandika neno moja: "mpira". Redio yake huwaka kutwa nzima juu ya rafu, kando ya mashine ya kukatia mbao. Tulimuuliza mchezo unahusu nini. Akafikiri. "Kuna mama mmoja… wanagombana na mkwe." Hakujua jina la mhusika yeyote. Mashine ilipowashwa tena sikusikia redio, ingawa kioo chake kilikuwa kinawaka.

Ripoti na kilichofuata

Tuliandika ripoti yenye sura tatu. Moja ilieleza kisa cha Alhamisi na kwa nini idadi ya wasikilizaji haiwezi kutajwa kwa nambari moja. Mwakilishi wa mfadhili alikuwa mwungwana lakini alikuwa na mkutano wa mwaka. Aliomba nambari. Tukampa upeo, wa chini na wa juu. Akaomba nambari moja. Mtafiti mkuu akaweka katika muhtasari, sentensi ya tatu, nambari ya katikati ikitanguliwa na neno "takriban".

Sura ya Alhamisi ikahamishiwa kwenye kiambatisho. Muda mfupi baadaye nambari ile ilikuwa kwenye bango, bila "takriban". Awamu ya pili ya utafiti ilipewa timu nyingine.

Kituo, kwa upande wake, kilibadilisha utaratibu wa daftari: sasa hujazwa baada ya kipindi kwenda hewani. Ni badiliko dogo, na ndilo pekee ninaloweza kulionyesha kwa kidole.

Uchambuzi

Tulichokumbana nacho hakikuwa kigeni. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wenye maumivu sugu, ambapo ndani ya majalada ya shajara za karatasi viliwekwa vihisi-mwanga vinavyorekodi lini jalada linafunguliwa. Kwa mujibu wa kilichoandikwa, washiriki walijaza kwa wakati kwa asilimia 90. Kwa mujibu wa vihisi, asilimia 11. Hao walikuwa wakiandika habari za maumivu yao wenyewe, si mchezo wa redio wa mtu mwingine. Na uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti nyingi za matumizi ya vyombo vya kidijitali ulikuta kwamba uhusiano kati ya muda ambao watu husema wanatumia na muda unaorekodiwa na vifaa ni wa wastani tu, 0.38, katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kulingana kabisa. Tulizijua kazi hizo. Tulizitaja katika pendekezo la utafiti, sehemu ya changamoto, kisha tukafunga vocha kwenye shajara iliyojaa. Kosa hilo halina utetezi. Malipo yalipaswa kufuata urudishaji wa kitabu, hata kikiwa na kurasa nne tu zilizoandikwa.

Kuna jibu la kiteknolojia, nalo linajulikana. Kuanzia mwaka 2007, katika baadhi ya miji ya Marekani, shajara za redio zilianza kupisha kifaa kidogo ambacho mtu hukivaa na ambacho hunasa alama za sauti, zisizosikika na sikio, zilizopachikwa katika matangazo. Kifaa hicho kisingedanganywa na Alhamisi ile. Lakini kingemhesabu fundi kama msikilizaji wetu mwaminifu, na wale wawili wa simu kisingewaona kabisa. Kiswahili kimetutengea maneno mawili, kusikia na kusikiliza, na nusu ya ugomvi wa upimaji wa hadhira uko katikati yake. Kifaa hupima la kwanza. Mfadhili hununua la pili.

Suala la nyumba lilipaswa kutokea katika usanifu, si katika msamaha. David Morley, mtafiti wa hadhira wa Uingereza, alipochunguza familia 18 za kusini mwa London, kazi aliyoichapisha mwaka 1986, alionyesha kwamba kutazama televisheni ni jambo la nyumba: nani anashika rimoti, nani anatazama huku akifanya kazi nyingine, nani anaomba ruhusa. Baada ya hapo, kumgawia mtu mmoja shajara na kumtaka ajitenge na watu anaosikiliza nao ni kuchagua kutoona. Kama ningeanza upya, ningegawa shajara kwa nyumba, na kuacha nafasi ya kuandika nani aliwasha redio na nani alikuwepo tu.

Kuhusu swali la pili la mfadhili, la mabadiliko, mama yule alitupa zaidi ya hojaji yote tuliyoijazisha kando ya shajara. Mwaka 1973 Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na mawasiliano, alieleza kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, au kuukubali kwa masharti yake, au kuupinga. Mama huyu alikuwa mfano wa pili: ameikubali dawa, amemkataa mtoa dawa. Katika hojaji, kwa kauli "Nakubaliana na nesi wa mchezo", aliweka alama 2 kati ya 5, nasi tukamwingiza miongoni mwa ambao mchezo haujawafikia.

Kilichofaa ni vitu vichache. Sharti la kamati, lile nililolilalamikia, ndilo lililotupa mazungumzo ya kweli: mtu akishaambiwa kwamba unajua, na kwamba tatizo unalitafuta kwenye karatasi yako, hana sababu ya kujilinda. Kama tungewatega, tungepata sehemu za mchezo zilizobuniwa papo hapo na tusingejua habari ya neno "leo". Pia kurudi kwenyewe. Watafiti waliofuatilia uchaguzi wa mwaka 1940 katika wilaya ya Erie, Ohio, wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, waliwarudia watu wale wale 600 tangu Mei hadi Novemba, na ni katika kurudia huko walipogundua uzito wa maongezi ya watu kuliko walivyodhani mwanzoni. Ziara moja ya pili ilitupa sisi zaidi ya kurasa 28 mara 58.

Kuwatembelea waliofaulu nako kulifaa, na ni jambo linalosahaulika kirahisi. Tungewahoji walionaswa peke yao, tungeandika makala nyingine kuhusu watu wanaodanganya watafiti. Fundi ndiye aliyetuonyesha kwamba rekodi sahihi inaweza kuwa tupu.

Kilichoshindikana zaidi ni ile sentensi ya tatu ya muhtasari. Hapo hakukuwa na ujinga wa mbinu. Tulijua nambari haisimami na tukaiandika, kwa matumaini kwamba "takriban" italinda dhamiri zetu. Nilisoma rasimu ile mara mbili na sikusema kitu.

Liko pia jambo ambalo halikuingia kwenye ripoti. Tulipomaliza mahojiano na mama yule, nilizima kinasa sauti na kuanza kukusanya karatasi. Akauliza kuhusu ile sehemu iliyosogezwa hadi Jumanne, ambayo alikuwa ameikosa: nesi alimjibuje mkwe? Alinitazama mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Sikujua. Katika miezi yote ile sikuwa nimeusikiliza mchezo huo hata siku moja. Karani akaweka mkoba chini, akakaa tena, akaanza kumsimulia. Mama akamkatiza, akabisha, akamtetea mkwe, karani akabisha naye. Wakaendelea hivyo karibu nusu saa, nami nimesimama mlangoni na kinasa sauti mfukoni.